Saa Tatu na Dakika Nne

Chini ya mahakama ya kaunti, ngazi kumi na nne,
ndiko vinakolala vitabu vya ardhi,
kila kimoja kizito kama mtoto aliyesinzia,
na mgongoni namba, si jina.
Mimi ndiye ninayevibeba. Miaka ishirini na sita
navuta, nafungua, napiga muhuri,
mikono yangu inanuka ngozi kuukuu hata Jumapili.

Leo amekuja Bi Odessa Gaither
na bati la biskuti lililofungwa kwa kamba ya kiatu.
Ndani, hati moja imekunjwa mara nne;
mikunjo imelika hadi mwanga unapita.
"Nataka iandikwe," akasema.
"Hollis Prude alimuuzia mume wangu,
ekari kumi na moja, mwaka sabini na nne.
Tulilipa taslimu. Tukaitunza."

Kweli waliitunza. Hata doa la chai halina.

*Kuanzia jiwe lenye alama ya msalaba,
kaskazini minyororo tisa hadi mwaloni uliopigwa na radi,
kisha kufuata kijito jinsi kinavyojipinda...*

Minyororo: ndivyo walivyopima ardhi ya huku,
jina la kipimo sikulitunga mimi.
Babu wa babu yake aliijua ya aina nyingine.
Mwaloni haupo. Kijito kimehama kimya kimya.
Jiwe lipo, anasema. Jana alilikalia.

Nikaenda kwenye fahirisi, wauzaji, herufi P.
Prudden. Pruitt. Kidole kikarudi juu.
Prude, Dwight, mwana wa Hollis, Julai tisini na nane,
kwa kampuni ya mbao:
ekari kumi na moja, jiwe lile lile,
mwaloni ule ule, ambao wakati huo ulikwisha kuwa kuni.
Imesajiliwa saa tatu na dakika nne asubuhi.
Na pembeni, kwa wino wa buluu, karani aliyepokea:
herufi mbili, zangu.
Nilikuwa na wiki tatu kazini. Nadhani nilitabasamu.

Wapo wasemao kutangulia si kufika.
Kwenye jimbo letu sheria imeligeuza neno:
kufika ndiko kutangulia.
Ununue jana, ununue enzi za Nuhu,
huna kitu mbele ya mwingine
mpaka karatasi yako imegusa kaunta hii.

Nilimweleza polepole. Hakulia.
"Saa ngapi umesema?"
Nikarudia.
"Nilikuwa nachemsha mitungi ya pichi," akasema,
"na gari lilikuwa na mafuta."
Dakika ishirini kwa barabara.
Miaka ishirini na minne mlango ulikuwa wazi;
ila nani aliwahi kumwambia
kwamba mlango wenyewe ulikuwa wake pia?

Sikuweza kukaa. Nikavuta vitabu vya nyuma,
arobaini na saba, thelathini na tisa, vumbi puani,
mpaka mwaka thelathini na moja, mwandiko wa mkono,
mwisho kabisa wa ukurasa, neno moja:
*isipokuwa.*
Isipokuwa robo ekari ya makaburi ya kina Gaither
na njia ya kuyafikia, upana futi kumi na mbili,
milele.
Kampuni ilinunua kila kitu, na neno lile ndani yake.

Nikamwonyesha. Akalisoma mara mbili, midomo ikicheza.
Kisha akasukuma hati yake tena kuelekea kwangu.
"Hii nayo iandike."
"Haitabadilisha kitu, mama."
"Nimesikia. Iandike."

Dola ishirini na sita, noti za moja moja.
Nikapiga muhuri: saa nne na dakika arobaini na moja.
Akaikunja kwa mikunjo yake ile ile,
akafunga kamba ya kiatu, fundo mara mbili,
na kwenye ngazi ya tatu akageuka.
"Hizo futi kumi na mbili," akauliza, "zinaanzia wapi?"

Kwenye jiwe, nikamwambia.
Pale ulipokaa jana.